God Bless America na mhamiaji aliyeutunga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninapowasimulia wapenzi wa muziki wa zamani habari za Irving Berlin, maswali huja yale yale, na jibu moja huzaa swali jingine. Nimeyaweka hapa kwa mpangilio ambao huwa yananijia. Wimbo wenyewe, God Bless America, yaani Mungu ibariki Marekani, wengi wetu tumeusikia kwenye televisheni tu, ukiimbwa na watu waliosimama mkono kifuani, na ni rahisi kudhani kwamba mtunzi wake ni mzaliwa wa nchi ile, aliyekulia kwenye fahari yake. Sivyo. Aliyeutunga alishuka melini akiwa mtoto wa miaka 5, na lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki.

Irving Berlin alikuwa nani?

Alizaliwa tarehe 11 Mei 1888 katika Dola ya Urusi, akaitwa Israel Beilin. Baba yake, Moses, alikuwa mwimbishaji wa sala katika sinagogi. Ukubwani Berlin alisimulia kwamba kumbukumbu aliyobaki nayo ya huko ni moja tu: amelazwa juu ya blanketi kando ya barabara, anaitazama nyumba yao ikiteketea kwa moto. Ndiyo miaka ambayo Wayahudi wa Urusi walikuwa wakivamiwa na kuchomewa makazi, na familia kwa maelfu zikafunga virago.

Septemba 1893 Moses, mkewe Lena na watoto wao walifika New York kwa meli iliyoitwa Rhynland, iliyong'oa nanga Antwerp. Walipanga Lower East Side, mtaa wa wahamiaji waliobanana kama dagaa. Baba, aliyekuwa mtu wa heshima kwao, hapa aliokota kazi za hapa na pale. Watoto nao wakaingia mitaani kutafuta. Israel, waliyekuwa wakimwita Izzy, aliuza magazeti. Jioni kila mtoto alikuja kuzidondosha sarafu zake kwenye aproni ya mama iliyotandazwa, na za Izzy zilikuwa chache kuliko za ndugu zake. Baba alifariki mwaka 1901. Muda mfupi baadaye kijana akaondoka nyumbani, hajafika hata miaka 15, kwa sababu aliona anakula zaidi ya anacholeta. Nikifika hapo kwenye simulizi huwa natulia kidogo. Mtoto kujihesabu mwenyewe kuwa mzigo ni jambo zito.

Alilala kwenye nyumba za kulala kwa senti chache, akaimba kwenye vilabu vya pombe vya Bowery ili atupiwe sarafu, kisha akapata kazi ya mhudumu anayeimba katika mkahawa mmoja wa Chinatown. Huko ndiko alikojifunza ni wimbo gani humfanya mlevi anyamaze.

Jina Berlin lilitoka wapi?

Mwaka 1907 lilichapwa karatasi la wimbo wake wa kwanza, ambao yeye aliandika maneno tu. Jalada likatoka na jina I. Berlin. Akaliacha hivyo hivyo. Mgao wake kwa wimbo ule ulikuwa senti 37.

Ni kweli hakujua kusoma wala kuandika muziki?

Kweli kabisa. Alipiga kwa kusikia, na karibu kila kitu alikipigia vibao vyeusi vya piano. Alipopata fedha alinunua piano yenye wenzo chini ya vibao: ukiuvuta, mitambo ya ndani inasogea, na vidole vile vile juu ya vibao vile vile vinatoa wimbo kwa kimo kingine cha sauti. Pembeni alikuwa na msaidizi aliyeandika noti wakati yeye anaimba na kupiga.

Watu wengine hulitaja jambo hili kama kasoro. Mimi sioni kasoro yoyote. Wanamuziki wetu wengi wa dansi na taarabu walitunga vivyo hivyo, kwa sikio na kumbukumbu, na hakuna aliyewapunguzia heshima. Nyimbo za Berlin zinakadiriwa kufika 1,500, na ule uliomtoa ulimwenguni ulikuja mwaka 1911.

God Bless America aliutunga lini?

Mwaka 1918, akiwa askari.

Februari mwaka huo alipata uraia wa Marekani. Miezi michache baadaye nchi ikamwita jeshini, maana Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa havijaisha. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Berlin alipewa sare. Alipelekwa Camp Upton, kambi ya mafunzo karibu na kijiji cha Yaphank huko Long Island, mtu aliyezoea kukesha akitunga na kulala asubuhi, sasa anaamshwa na tarumbeta alfajiri. Hilo la kuamshwa alilitungia wimbo wa kuchekesha ambao askari waliupenda kupita kiasi.

Wakubwa wa kambi walipogundua waliyenaye, wakamwomba atayarishe onyesho la jukwaani la kuchangisha fedha za kujenga ukumbi wa wageni wanaokuja kuwatembelea askari. Akalitunga lote, likachezwa New York mwaka ule ule na askari wenyewe. God Bless America aliutunga uwe wa kufungia onyesho hilo.

Mbona basi ulijulikana mwaka 1938?

Kwa sababu aliutoa mwenyewe. Onyesho lilikuwa la vichekesho, na aliona kuwaweka askari wanaokaribia kwenda vitani waimbe sala nzito kama ile ni kuzidisha chumvi. Harry Ruby, aliyekuwa akimwandikia noti wakati huo, naye aliguna: wimbo mwingine tena wa uzalendo? Mwaka ule zilikuwa zikitungwa kila kona. Berlin akaufungia kwenye sanduku la tungo zisizotumika, ukakaa humo miaka 20.

Katika miaka hiyo alitajirika, alijenga jumba lake la maonyesho pale Broadway, mama yake alifariki mwaka 1922, na mwaka 1926 alimwoa Ellin Mackay, binti wa tajiri Mkatoliki ambaye hakutaka hata kusikia habari za mkwe Myahudi aliyekulia Lower East Side. Wimbo ulikuwa bado sandukuni.

Ni nini kilichomfanya autoe?

Ulaya. Mwaka 1938 Berlin alikuwa ametoka London, na aliyoyaona na kuyasikia huko yalimfanya atake kuandika kitu cha amani. Wakati huo huo mwimbaji maarufu wa redio, Kate Smith, alikuwa anatafuta wimbo wa kuadhimisha siku ya kumalizika kwa vita vile vya kwanza, ambayo ni tarehe 11 Novemba. Berlin alijaribu kutunga mpya, haukumridhisha. Ndipo akaukumbuka ule wa kambini.

Kate Smith aliuimba redioni jioni ya tarehe 10 Novemba 1938. Naomba msomaji aitazame hiyo tarehe vizuri. Usiku wa kuamkia siku hiyo, na mchana wake, Wanazi nchini Ujerumani na Austria walichoma masinagogi, wakavunja maduka ya Wayahudi na kuwakamata wanaume kwa maelfu. Matangazo yalikuwa yamepangwa kabla, kwa hiyo hakuna aliyekusudia mambo hayo mawili yakutane. Lakini yalikutana. Mtoto wa mwimbishaji wa sinagogi, aliyeiona nyumba yao ikiungua, sala yake ya kuiombea nchi iliyomfungulia mlango ilisikika siku ile ile masinagogi yanaungua. Nimesoma mengi kuhusu wimbo huu, na bado hili ndilo linalonigusa kuliko yote.

Maneno aliyabadilisha?

Ndiyo, na mabadiliko yenyewe yanaonyesha fundi anavyofikiri. Maneno ya 1918 yaliomba nchi ipewe ushindi, kama inavyofaa wakati wa vita. Mwaka 1938 hakutaka wimbo wa vita, akauondoa ushindi na mahali pake akaweka milima, mbuga na bahari zenye povu jeupe. Maneno ya zamani pia yalimwomba Mungu aiongoze nchi upande wa kulia, maana yake njia iliyo sawa. Kufikia 1938 upande wa kulia ulikuwa umeshakuwa jina la siasa, kwa hiyo akaandika kwamba nchi iongozwe usiku kucha kwa mwanga utokao juu. Kwa Kiingereza maneno hayo mawili, right (kulia) na night (usiku), yana vina, na wimbo haukuyumba hata kidogo.

Tena kuna ubeti wa utangulizi, ambao siku hizi huachwa, unaotaja mawingu ya dhoruba yanayokusanyika ng'ambo ya bahari. Ulipoimbwa redioni mara ya kwanza, ubeti huo uliwaambia wasikilizaji washukuru kwamba wako mbali na huko. Ulipochapwa mwaka 1939, mstari huo ulikuwa umebadilika, shukrani zikawa za kuwa na nchi nzuri. Nadhani aliona haya kushukuru kwa kuwa mbali wakati wengine wamo ndani ya dhoruba.

Maneno ya sala yenyewe aliyapata wapi?

Kwa mama yake. Binti mkubwa wa Berlin, Mary Ellin Barrett, ameandika kwamba Lena alikuwa akiyasema maneno hayo mara kwa mara nyumbani, kwa hisia kali, na aliposema alimaanisha kwamba bila Marekani familia yake isingekuwa na pa kwenda. Huyu ni mama aliyekuwa akipokea sarafu kwenye aproni, katika chumba cha kupanga, hana chochote, na bado anaiombea nchi baraka.

Hapa kuna jambo ambalo Kiswahili hakiwezi kulibeba. Mtunzi anaitaja nchi kama mwanamke: anamwomba Mungu asimame ubavuni pake, amwongoze. Sisi "yeye" wetu hana jinsia, ikitafsiriwa inapotea. Lakini ukishajua kwamba maneno yalitoka kinywani mwa Lena, huwezi kuacha kujiuliza ni nani hasa anayeombewa.

Una uhusiano na Mungu Ibariki Afrika?

Hauna, ingawa swali ni zuri. Sala yetu ilitokana na utunzi wa Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini, mwaka 1897, yaani miaka 21 kabla ya Berlin kuandika wake kambini. Hazikuazimana wimbo wala maneno. Zinachofanana ni umbo: zote mbili hazijisifu, zinaomba. Ndiyo maana mtu aliyelelewa kwenye paredi za shule za Tanzania akiusikia wa Berlin kwa mara ya kwanza huuelewa upesi kuliko nyimbo za taifa zenye mizinga na bendera.

Kwani huu ndio wimbo wa taifa wa Marekani?

La. Wimbo wao wa taifa ni The Star-Spangled Banner, uliotambuliwa kisheria mwaka 1931.

Ulimtajirisha?

Huu haukumpa senti. Mwaka 1940 aliunda mfuko maalumu, akaagiza mirabaha yote ya wimbo iende kwa skauti wa kiume na wa kike. Tangu hapo mfuko umepokea mamilioni ya dola. Aliona si haki kupata faida kwa kuipenda nchi.

Watu waliupokea vipi? Kulikuwa na waliompinga?

Wengi waliupokea kwa machozi. Mwaka 1940 vyama vyote viwili vikubwa, Republican na Democratic, viliutumia kwenye mikutano yao mikuu. Watu walianza kusimama ukipigwa.

Ila walikuwepo waliokasirika, na si kwa sababu wimbo ni mbaya. Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, na jumuiya ya Wajerumani wa Marekani waliokuwa wakimuunga mkono Hitler walitaka ususiwe, kwa kuwa mtunzi ni Myahudi na mhamiaji. Kwao mtu wa namna hiyo hakuwa na ruhusa ya kuiita Marekani nyumbani. Walikuwa na hoja moja tu, kwamba nchi ni mali ya waliotangulia kufika, na anayekuja nyuma ashukuru kimya kimya mlangoni.

Hoja hiyo tunaijua hata sisi. Nani hajamsikia mtu akiambiwa "rudi kwenu" katika mtaa aliokulia, uliozika wazazi wake? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi naamini walimaanisha hivyo hasa: kuna kitu ambacho mwenyeji hawezi kujiganga mwenyewe. Mzaliwa wa nchi huizoea. Hauoni mlango uliofunguliwa kwa sababu hakuwahi kusimama nje yake. Ilihitajika mtu aliyepita mlango ule kuuimbia.

Si alikuwa anajipendekeza tu?

Swali hili huulizwa kwa ukali, nami nalijibu bila kuzunguka: hapana. Anayejipendekeza huimba pale anapohitaji kitu. Mwaka 1918 alipoweza kuutumia wimbo kujionyesha, aliuficha. Mwaka 1938 alipoutoa alikuwa tayari ni mtunzi tajiri na maarufu asiye na cha kuomba, na fedha zake akazigawa. Na Vita vya Pili vilipokuja, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 50, alitunga onyesho jingine la askari, akalizungusha kwenye kambi za Marekani, Ulaya na Pasifiki, na mapato yakaenda kwenye mfuko wa kusaidia familia za wanajeshi. Nchi nayo ilimkumbuka: mwaka 1954 Bunge la Marekani liliidhinisha apewe medali ya dhahabu kwa nyimbo zake za kizalendo, ukiwemo huu.

Ni kweli Woody Guthrie aliuchukia?

Alichoka nao. Majira ya baridi ya 1940 ulikuwa ukipigwa kila redio, na Guthrie, mwimbaji na mtunzi aliyekuwa amewaona kwa macho yake wakulima waliofukuzwa na ukame na madeni, aliona unazifunika shida za watu. Februari 1940, katika hoteli moja ya New York, akaandika jibu, ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la This Land Is Your Land. Naipenda kazi ya Guthrie na naikubali hoja yake. Lakini tuseme ukweli, alizaliwa Oklahoma. Alikuwa na haki ya mtoto wa nyumba ya kulalamikia chakula. Lena hakuwa na haki hiyo bado.

Nimesikia kwamba sauti ya wimbo aliiiba.

Noti chache za mwanzo zinafanana na za wimbo mmoja wa vichekesho wa mwaka 1906, uliowakejeli Wayahudi na pua zao. Berlin wakati huo alikuwa kijana wa vilabuni, na haiyumkiniki kwamba hakuwahi kuusikia. Vipande vifupi vya aina hiyo hubaki masikioni mwa mtunzi bila yeye kujua, na baada ya noti zile wimbo wake unakwenda njia yake wenyewe. Kwa hiyo wizi sioni. Ninachokiona ni kejeli iliyogeuzwa sala, awe alikusudia au hakukusudia.

Kwa nini siku hizi ya Kate Smith haipigwi viwanjani?

Mwaka 2019 klabu ya besiboli ya New York Yankees na klabu ya magongo ya barafu ya Philadelphia Flyers ziliacha kuitumia rekodi yake, kwa sababu miaka ya 1930 alirekodi nyimbo zenye maneno ya kudhalilisha watu weusi. Flyers waliondoa na sanamu yake. Wimbo wenyewe unaendelea kuimbwa na wengine, hasa tangu 2001. Jioni ya Septemba 11 mwaka huo wabunge wa vyama vyote waliuimba kwenye ngazi za Bunge bila kupangwa, na baada ya hapo ukaingia kwenye mechi za besiboli.

Afrika Mashariki tuna mtu wa kufanana naye?

Kila nikiulizwa hivi jina linalonijia kwanza ni Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kupigia Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake, kisha akahamia bendi ya Super Matimila. Hakuiheshimu nchi iliyompokea kwa sala kama ya Berlin. Aliiheshimu kwa kuimba kwa Kiswahili shida za watu wake: umaskini, kifo, ukimwi, mtu wa chini asiyesikilizwa. Yeye alipata haki ya kulalamikia chakula, na wenyeji wakamsikiliza kama mtoto wa nyumbani. Alifariki Desemba 2010 na kuzikwa Dar es Salaam. Kituo cha daladala cha Sinza kinaitwa kwa Remmy hadi leo, na konda anapokitaja hakuna abiria anayeuliza alitoka wapi.

Nataka kuusikiliza. Nianze na rekodi gani?

Anza na ya Kate Smith ya miaka ile ya mwanzo, ukijua yote niliyoyasema juu yake, kwa sababu ndivyo taifa lilivyousikia mara ya kwanza. Usiuruke ubeti wa utangulizi.

Halafu tafuta picha za televisheni za Mei 1968, katika kipindi cha Ed Sullivan kilichoadhimisha miaka 80 ya Berlin. Anatoka jukwaani mwenyewe, mzee mwembamba mwenye suti nyeusi. Sauti yake haikuwa kubwa tangu ujana, na hapo imebaki kidogo zaidi. Anaanza peke yake, taratibu, kama mtu anayerudia maneno aliyoyasikia nyumbani utotoni. Kisha skauti, wa kiume na wa kike, wanaingia nyuma yake na kumsaidia kuimba.